Mgeni Aliyepewa Jembe: Arthur Lewis na Chuo Kikuu cha West Indies

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa mzaha, kana kwamba maana yake yote ni kumchosha mgeni ili afunge virago vyake. Lakini ndani yake mna fikira iliyo nzito zaidi. Mgeni aliyepewa jembe amepewa pia sehemu katika shamba, na mavuno yatakapokuja haitawezekana kumwambia kwamba hayamhusu.

Makala haya yanakusudia kuyatazama maisha ya mtu mmoja aliyepewa jembe ugenini mara nyingi, naye ni William Arthur Lewis, mtaalamu wa uchumi aliyezaliwa katika kisiwa kidogo cha St Lucia, akafundisha Uingereza, akashauri serikali ya Ghana, kisha akaongoza Chuo Kikuu cha West Indies katika miaka iliyokuwa ya hatari kuliko yote katika historia ya chuo hicho. Wasomi wengi humjua kwa nadharia yake ya uchumi na kwa Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1979. Ama kuhusu kazi yake ya uongozi wa chuo, habari zake hazijulikani sana huku kwetu, na hali sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kuzichunguza. Sisi pia tulikuwa na chuo kikuu kimoja cha nchi kadhaa. Cha kwetu kilidumu miaka saba, na cha kwao kingali hai. Swali la makala haya ni kwa nini ilikuwa hivyo, na ni kwa kiasi gani tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa kutazama maisha ya mtu mmoja.

Mtoto wa wahamiaji

Arthur Lewis alizaliwa Castries, mji mkuu wa St Lucia, tarehe 23 Januari 1915. Wazazi wake, George na Ida Lewis, walikuwa walimu waliohamia huko kutoka kisiwa cha Antigua yapata miaka kumi na miwili kabla ya kuzaliwa kwake. Yafaa msomaji azingatie maana ya jambo hili. Visiwa vya Karibi vyaonekana katika ramani kama punje zilizodondoka pamoja, lakini kila punje ina historia yake. St Lucia iligombaniwa mara nyingi na Wafaransa na Waingereza kabla ya Uingereza kuitwaa moja kwa moja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa sababu hiyo watu wake wengi walikuwa Wakatoliki, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Krioli yenye asili ya Kifaransa, hali serikali na shule zikiendeshwa kwa Kiingereza. Familia ya Lewis ilikuwa ya Kianglikana na ilitoka katika kisiwa cha Kiingereza. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa mgeni kidogo hata pale alipozaliwa.

Alipokuwa na umri wa miaka saba aliugua maradhi ya kuambukiza, ikambidi akae nyumbani kwa wiki kadhaa. Baba yake akamfundisha mwenyewe kila siku ili asiachwe nyuma na wenziwe. Aliporudi shuleni ilionekana kwamba ameshawapita, akapandishwa madarasa mawili kwa mpigo. Muda si mrefu baadaye baba huyo alifariki, akamwachia mjane watoto wa kiume watano. Mama aliwalea na kuwasomesha kwa jasho lake.

Kwa kuwa alikuwa amerushwa madarasa, Lewis alimaliza masomo ya sekondari akiwa na miaka 14 tu, akawa bado mdogo mno kufanya mtihani wa kupata msaada wa masomo ya juu. Akaajiriwa kuwa karani wa serikali. Huko alijifunza kuandika barua, kupiga taipureta na kupanga majalada, na baadaye alikiri kwamba kazi hiyo ilimfundisha utaratibu. Mwaka 1932 alifanya mtihani na kushinda nafasi ya kusomeshwa na serikali katika chuo kikuu chochote cha Uingereza.

Hapa ndipo palipotokea jambo lililoelekeza maisha yake yote. Kijana huyu alitaka kuwa mhandisi. Lakini alijua, na kila mtu kisiwani alijua, kwamba serikali ya kikoloni haikuwa ikiajiri wahandisi weusi, wala wenye mashamba makubwa ya miwa hawakuwa wakiwaajiri. Angerudi na shahada isiyokuwa na kazi. Akachagua masomo ya biashara katika Chuo cha Elimu ya Uchumi cha London, akaanza mwaka 1933. Hivyo basi, mmoja wa wanauchumi wakubwa wa karne ya 20 aliingia katika taaluma hiyo kwa kuwa mlango wa taaluma aliyoipenda ulikuwa umefungwa kwa rangi ya ngozi. Tutaona baadaye kwamba hakuusahau mlango huo.

London na Manchester

Chuo alichoingia Lewis kilikuwa mahali pa mijadala mikali. Katika miaka hiyo hiyo Jomo Kenyatta alisoma pale elimu ya mila na desturi za watu chini ya Profesa Malinowski, na kitabu kilichotokana na masomo yake kilitolewa mwaka 1938. London ilikuwa imejaa vijana wa makoloni waliokuwa wakijiuliza swali moja kwa njia mbalimbali: umaskini wa kwetu umetoka wapi, nao utaondokaje?

Lewis alijibu kwa njia ya uchumi. Alipata shahada ya kwanza kwa daraja la juu mwaka 1937, akaajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi mwaka 1938, akawa mwalimu mweusi wa kwanza katika chuo hicho. Shahada ya udaktari aliipata mwaka 1940. Mwaka 1939 alitoa kijitabu kuhusu wafanyakazi wa West Indies, akaeleza migomo na ghasia zilizovikumba visiwa vile kati ya mwaka 1935 na 1938. Watawala waliziita fujo. Lewis aliziona kuwa ni kuzaliwa kwa harakati ya wafanyakazi.

Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 33, aliitwa kuwa profesa kamili katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwoa Gladys Jacobs wa kisiwa cha Grenada. Huko Manchester hakujifungia katika ofisi yake. Alishiriki kuanzisha vituo vya masomo ya jioni na mafunzo ya kazi kwa wahamiaji wa Karibi na Afrika waliokaa katika mitaa duni ya mji ule. Profesa aliyefundisha mchana namna mataifa yanavyotajirika, jioni alihangaika kutafuta chumba ambamo kuli angeweza kujifunza hesabu.

Nadharia yake iliyo mashuhuri aliichapisha mwaka 1954. Mwenyewe alieleza kwamba fikira hiyo ilimjia ghafula mwezi wa Agosti 1952, akitembea barabarani Bangkok. Kwa ufupi ni hii. Katika nchi maskini mna sehemu mbili za uchumi: sehemu ndogo ya viwanda, migodi na mashamba makubwa, na sehemu kubwa ya ukulima wa kujikimu pamoja na uchuuzi na vibarua. Katika sehemu hii ya pili watu ni wengi kuliko kazi iliyopo. Ndugu watano wakilima shamba linalotosha nguvu za watatu, wawili wakiondoka mavuno hayapungui. Basi viwanda vyaweza kuajiri watu hao kwa ujira ulio juu kidogo tu ya riziki ya shambani, na faida inayopatikana ikitumika kuongeza viwanda, kazi nazo huongezeka, mpaka siku watu wa ziada watakapokwisha. Siku hiyo ndipo ujira utakapoanza kupanda.

Nadharia hii ilisifiwa na kushambuliwa pia. Walioishambulia walisema yachukulia kana kwamba faida hurudi katika uchumi wa nchi, hali katika makoloni ilikuwa ikisafirishwa ng'ambo. Wengine, kama John Harris na Michael Todaro walioichunguza hali ya Kenya na kuchapisha maoni yao mwaka 1970, walionyesha kwamba watu humiminika mjini hata pale kazi zinapokuwa haba, mradi tu waone tamaa ya kupata ujira mkubwa. Kila aliyeona vijana wa Nairobi wakisubiri nje ya malango ya viwanda alfajiri ataelewa hoja hiyo. Hata hivyo, waliompinga Lewis walilazimika kuanzia pale alipoanzia yeye, kwa kuwa ndiye aliyeliweka swali la nchi maskini katikati ya elimu ya uchumi.

Jembe la Ghana

Mwaka 1953 serikali ya Gold Coast ilimwomba Lewis aandike taarifa kuhusu kuanzisha viwanda. Wengi walitarajia orodha ya viwanda. Yeye aliandika kwamba kwanza inafaa kuongeza mavuno ya chakula, kwa maana mkulima asiyekuwa na ziada hawezi kulisha mji wala kununua bidhaa za kiwanda. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957, Kwame Nkrumah alimwita awe mshauri wake wa uchumi, kwa mpango wa Umoja wa Mataifa.

Ushirikiano huo haukudumu. Lewis aliona kwamba mpango wa maendeleo ulikuwa ukijazwa miradi ya kutafuta sifa, nayo ilikula fedha zilizohitajiwa na miradi yenye manufaa. Nkrumah, kwa upande wake, aliuona ushauri wake kuwa mzuri kwa macho ya uchumi, lakini akashikilia kwamba yeye ni mwanasiasa na hana budi kubahatisha kwa ajili ya siku za mbele. Mwishoni mwa mwaka 1958 Lewis aliondoka kabla ya muda wake kwisha.

Si haki kuliona tukio hili kuwa ushindi wa mmoja juu ya mwingine. Nkrumah alikuwa na nchi ya kuiunganisha, na Lewis alikuwa na hesabu zisizojali shangwe. Lakini kwa habari ya maisha ya Lewis, funzo la Ghana lilikuwa wazi. Mshauri hana shamba. Hupewa jembe kwa siku chache, na mwenye shamba akibadili nia mshauri hufunga safari. Kazi iliyofuata ilikuwa ya namna nyingine kabisa.

Mona: chuo katika kambi ya wakimbizi

Chuo cha West Indies kilianzishwa mwaka 1948 huko Mona, nje kidogo ya Kingston, Jamaika. Kilianza na wanafunzi 33, wote wa udaktari. Mahali penyewe pana historia inayostahili kukumbukwa. Hapo zamani palikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na magofu ya mfereji wa maji wa mashamba hayo yangali yaonekana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palijengwa mabanda ya mbao ya kuwahifadhi watu waliohamishwa kutoka Gibraltar. Chuo kilianzia katika mabanda hayo hayo. Ardhi ya watumwa ikawa ya wakimbizi, na ya wakimbizi ikawa ya wanafunzi.

Kama Makerere katika miaka ile, Chuo cha West Indies kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mitihani ilikubaliwa London, na shahada zilikuwa za London. Wakuu wake wawili wa kwanza walikuwa Waingereza. Mwaka 1959 Lewis aliteuliwa kukiongoza, akawa mtu wa kwanza wa West Indies kukalia kiti hicho.

Alikuta chuo kizuri lakini kidogo, kilichojengwa kwa mfano wa vyuo vya mabweni vya Uingereza. Gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja ilikuwa kubwa mno kwa visiwa maskini. Tena chuo kizima kilikuwa Jamaika, karibu kilomita 1,800 kutoka Trinidad, kisiwa cha pili kwa ukubwa wa idadi ya watu. Kutoka Nairobi hadi Kampala au Dar es Salaam ni safari fupi kuliko hiyo. Kwa mlipa kodi wa Trinidad au Barbados, chuo hiki kilikuwa jina zuri lililo mbali.

Lewis alifanya mambo matatu. Kwanza, alikipanua chuo na kuongeza idadi ya wanafunzi upesi, akitaka elimu ya juu isiwe anasa ya wachache. Pili, alikitoa chuo Jamaika na kukipeleka kwa wenyewe. Mwaka 1960 Chuo cha Kilimo cha St Augustine, Trinidad, kiliunganishwa na Chuo cha West Indies. Chuo hicho cha kilimo kilianzishwa tangu miaka ya 1920, na humo ndimo walimofundishwa wengi wa maafisa wa kilimo wa Kiingereza waliotumwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Sasa kikawa mali ya watu wa visiwa. Mwaka 1963 tawi jingine likafunguliwa Barbados. Tatu, alikiongoza chuo kutoka katika uangalizi wa London: mwezi wa Aprili 1962 kilipata hati yake na kuwa chuo kikuu kamili kinachotoa shahada zake chenyewe. Lewis akawa Makamu wa Chansela wake wa kwanza, cheo ambacho, kama ilivyo kwetu, ndicho cha mtendaji mkuu.

Katika hayo yote kuna jambo moja ambalo hapana budi kulitaja peke yake. Idara za uhandisi zilianzishwa St Augustine mwaka 1961, chini ya uongozi wa Lewis. Kijana aliyekatazwa uhandisi mwaka 1932, kwa kuwa hapakuwa na ajira kwa mhandisi mweusi, miaka 29 baadaye alikuwa kiongozi wa chuo kilichoanza kuwafundisha wahandisi weusi katika ardhi yao wenyewe.

Shirikisho lavunjika, chuo chabaki

Mambo hayo yalifanyika nyumba ikiwaka moto. Mwaka 1958 visiwa vya Waingereza viliungana na kuunda Shirikisho la West Indies lenye nchi wanachama kumi, makao yake yakiwa Port of Spain. Chuo kilihesabiwa kuwa chuo cha shirikisho. Lakini tarehe 19 Septemba 1961 wananchi wa Jamaika walipiga kura, na asilimia 54 hivi wakachagua kujitoa. Eric Williams, kiongozi wa Trinidad, akatoa hesabu yake mashuhuri kwamba ukitoa moja katika kumi hubaki sifuri. Trinidad nayo ikajitoa. Lewis alizunguka kisiwa baada ya kisiwa akijaribu kuwashawishi viongozi wasalimishe kilichobaki. Hakufaulu. Tarehe 31 Mei 1962 shirikisho lilivunjwa rasmi. Mwezi wa Agosti mwaka huo Jamaika na Trinidad zikapata uhuru kila moja peke yake. Jitihada za kuunganisha visiwa vinane vilivyosalia nazo zilikufa, na mwaka 1965 Lewis aliandika kijitabu cha uchungu kuhusu kifo hicho.

Angalia tarehe hizo. Chuo kikuu kilipata hati yake mwezi wa Aprili 1962, na serikali iliyokuwa mlezi wake ikafa mwezi wa Mei. Kwa kawaida mtoto wa namna hiyo haishi. Lakini katika vitu vichache vilivyobaki kuwa vya pamoja, kama vile meli mbili zilizotolewa na Kanada kwa ajili ya usafiri baina ya visiwa, na ile timu ya kriketi, chuo kikuu kilikuwa cha kwanza. Wakuu wa serikali walipokutana Port of Spain mwezi wa Julai 1963, kilikuwa miongoni mwa mambo waliyokubaliana kuendelea kuyaendesha kwa pamoja.

Si kila mtu alikubali. Guyana, iliyopo barani Amerika ya Kusini na ambayo haikuwahi kuingia katika shirikisho, ilifungua chuo kikuu chake yenyewe mwaka huo huo wa 1963. Baadaye Lewis alikubali kuwa Chansela wa chuo hicho. Hakuwa mtu wa kinyongo: waliojitenga wakijenga, aliona afadhali awasaidie kujenga.

Mfano wetu

Tarehe 28 Juni 1963 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa, Julius Nyerere akiwa Chansela wake. Kilikuwa na vyuo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Udaktari na kilimo vilikuwa Makerere. Uhandisi na udaktari wa mifugo vilikuwa Nairobi. Sheria ilikuwa Dar es Salaam. Huo ni mgawanyo ule ule wa West Indies, ambako udaktari ulikuwa Mona, kilimo na uhandisi St Augustine, na sheria ikaja kuwekwa Barbados. Wiki chache kabla ya uzinduzi huo, viongozi wa nchi zetu tatu walikuwa wametangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho la kisiasa. Shirikisho hilo halikuja. Tarehe 1 Julai 1970 chuo kikuu kimoja kikawa vitatu.

Hivyo hatuwezi kusema kwamba wao waliokoka kwa kuwa waligawa matawi. Sisi pia tuligawa, na mistari ya mgawanyo ndiyo iliyokuwa mistari ya mkato. Basi tofauti ilikuwa wapi?

Sababu ya kwanza ni idadi na ukubwa. Kwetu nchi zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na chuo chake tayari. Kila serikali ilijiona yaweza kukisimamisha peke yake. Kule walipaji walikuwa wengi, na wengi wao, kama St Lucia, Grenada na Dominica, hawakuwa na tawi lolote wala uwezo wa kulijenga. Kwa hao, chuo cha pamoja ndicho chuo pekee walichoweza kuwa nacho. Wanyonge wengi walikuwa gundi ya wenye nguvu wachache.

Sababu ya pili ni muundo. Chuo cha West Indies kilianza kikiwa kimoja, kisha kikanyoosha matawi. Chuo cha Afrika Mashariki kilifanywa kwa kufunga pamoja vyuo vitatu vilivyokuwa vimekwisha kuota mizizi, kila kimoja na baraza lake na serikali yake. Mti wenye matawi matatu na miti mitatu iliyofungwa kamba huweza kufanana kwa mbali, lakini kamba ikikatika tofauti huonekana.

Sababu ya tatu ni uongozi, na hapa twarejea kwa Lewis. Katika ugomvi wa Jamaika na Trinidad, yeye hakuwa Mjamaika wala Mtrinidadi. Alitoka katika kisiwa kidogo, na hata huko wazazi wake walikuwa wamehamia. Hakuna aliyeweza kumshuku kwamba avuta chuo kwake, kwa kuwa kwake hapakuwa na chuo cha kuvutia. Wakati huo huo hakuwa mgeni wa kupita, kama walivyokuwa wakuu wa Kiingereza waliomtangulia. Alikuwa mgeni mwenye jembe: mbali na shamba kiasi cha kuaminiwa na kila upande, na karibu nalo kiasi cha kuumia likiteketea.

Hata hivyo tusikuze kupita kiasi kazi ya mtu mmoja. Lewis aliondoka mwaka 1963 kwenda Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Hakukaa Mona hata miaka mitano. Chuo kilidumu kwa sababu wengine waliendelea, na kwa sababu mahitaji ya visiwa vidogo hayakubadilika. Lakini kuna nyakati ambapo jambo laweza kwenda huku au kule, na aliyeshika usukani kwa miezi michache huamua mengi. Mwaka 1962 ulikuwa wakati wa namna hiyo.

Mavuno

Chuo hupimwa kwa watu wanaotoka humo, wala si lazima watu hao wakubaliane na aliyekiongoza. Miongoni mwa wanafunzi waliokuwa Mona wakati wa Lewis ni kijana wa Guyana, Walter Rodney, aliyeingia mwaka 1960 na kuhitimu historia kwa daraja la kwanza mwaka 1963. Rodney ndiye aliyekuja kufundisha Dar es Salaam mwaka 1966 hadi 1967, na tena tangu 1969 hadi 1974, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa wachapishaji wa London na wa Dar es Salaam. Kitabu hicho ni kinyume cha mengi aliyoyaamini Lewis. Pale Lewis alipoona mtaji wa kigeni waweza kuvutwa na kutumiwa, Rodney aliona mnyororo. Lewis mwenyewe, mwaka 1969, aliwashauri vijana weusi wa Marekani wajifunze zaidi taaluma zinazoendesha uchumi kuliko masomo ya historia na utamaduni wao, na wengi wakamchukia kwa hayo. Lakini chuo kimoja kiliwalea watu wa fikira zote mbili, na mmoja wao alitufikia sisi.

Mwaka 1970 hadi 1973 Lewis aliongoza Benki ya Maendeleo ya Karibi, akiwa rais wake wa kwanza. Hicho nacho kilikuwa chombo cha pamoja kilichojengwa juu ya magofu ya shirikisho, nacho kimedumu. Alifariki Bridgetown, Barbados, tarehe 15 Juni 1991, akarudishwa St Lucia kuzikwa katika viwanja vya chuo kinachoitwa kwa jina lake. Kisiwa hicho chenye eneo la kilomita za mraba 616 kina mshindi mwingine wa Nobel, mshairi Derek Walcott, aliyezaliwa Castries tarehe ile ile ya 23 Januari, miaka 15 baada ya Lewis, na ambaye alisoma Mona.

Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha West Indies kilifungua tawi jipya la Five Islands katika kisiwa cha Antigua, kile walichokiacha George na Ida Lewis zaidi ya miaka mia moja kabla yake walipokwenda kufundisha ugenini. Kwetu, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lingali Kampala likijaribu kulinganisha masomo na shahada za nchi zetu, ili mwanafunzi wa Kisumu apokewe Mwanza au Mbarara bila kuanza upya. Kazi hiyo ni ngumu kwa kuwa inafanywa baada ya kamba kukatika. Lakini historia ya Lewis yaonyesha kwamba vyombo vya elimu si lazima vife siasa zinapokufa. Huishi pale ambapo wadogo wamepewa sehemu isiyoweza kupatikana kwingine, na ambapo anayeviongoza hatazamwi kuwa mtu wa upande mmoja. Tukitaka tena chuo cha pamoja, tutaanza kwa kuuliza ni nani kati yetu hawezi kuwa na chuo bila wenziwe, nasi tutampa huyo jembe kwanza.